Jedwali la Mila na Tumbo la Aisha

Walinistaafisha mwezi uliopita kwa keki, hotuba tatu na saa ya ukutani. Saa ni zawadi ya busara sana kwa mtu ambaye kuanzia kesho yake hana mahali anapotakiwa kufika. Mkuu wa idara alisema katika hotuba yake kwamba mimi ni "hazina ya utamaduni," maneno ambayo kwa lugha ya ofisi yana maana ya mzee anayezungumza sana vikaoni. Kisha vijana, yaani madaktari wanaosomea udaktari wa familia hapa Jinja, wakaniomba niwaandikie kumbukumbu zangu. Nimekubali. Habari za vyeo nitaziruka, kwa kuwa nilivipata vichache na hakuna hata kimoja kilichomponya mtu. Nitawaeleza siku yangu ya kwanza, mwalimu wangu, na kosa langu kubwa. Kosa hilo wengi wenu mnalijua kama kosa la mtu mwingine.

Mimi ni Mnubi, mjukuu wa askari walioletwa kutoka Sudan kupigana vita vya watu wengine. Nyumbani kwetu tulisema Kinubi jikoni na Kiswahili sebuleni, na nilikua nikiamini kwamba Kiswahili ni lugha ya wageni kukaribishwa. Nilipohitimu nikapangwa Mbale, katika hospitali ambayo haina haja ya kutajwa, nikafika na koti jeupe lililopigwa wanga hadi lingeweza kusimama peke yake.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa bibi mmoja kutoka milimani, mwenye kikohozi. Aliingia akipapasa ukuta. Lumasaba, lugha ya Wagisu wa milimani huko, sikuijua hata neno, kwa hiyo nikamkaribisha kwa lugha ya sebuleni kwetu, kwa sauti ya daktari mpya anayetaka asikike hadi wodi ya pili.

"Mama! Njoo hapa! Jina lako nani? Unatoka wapi?"

Bibi akasimama katikati ya chumba. Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, akabaki hivyo. Nilidhani ni dalili ya ugonjwa. Naomba mnielewe: nilianza kupekua kichwani orodha ya magonjwa ya neva.

Aliyeniokoa ni Sista Kakai, muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke mnene asiyekimbia hata kwa moto. Aliingia, akaongea na bibi kwa Lumasaba polepole, akamshusha mikono mmoja baada ya mwingine kama mtu anayeanua nguo kambani, akamkalisha. Kisha akanigeukia.

"Daktari, mara ya mwisho mtu kumuuliza mama huyu jina lake kwa lugha hiyo, alikuwa amevaa buti za jeshi. Aliondoka na mume wake. Mume hajarudi mpaka leo."

"Lakini mimi nimevaa koti la daktari!"

"Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Koti lako halioni. Anakusikia tu."

Miaka yote ya chuo nilifundishwa kusikiliza kifua cha mgonjwa. Hakuna aliyenifundisha kusikiliza sauti yangu mwenyewe. Nikamuuliza Sista nifanye nini.

"Kaa chini," akasema. "Hapa kwetu anayesimama juu ya mtu aliyeketi ni askari au hakimu. Halafu sema *mulembe*. Maana yake ni amani. Halafu muulize yeye mwenyewe anaonaje ugonjwa wake. Halafu nyamaza. Najua kunyamaza hamfundishwi, hakumo katika mtihani."

Nikaketi. Nikasema mulembe, kwa matamshi yaliyomfanya bibi acheke, na kicheko kikamletea kikohozi, angalau tukakisikia vizuri. Sista akatafsiri. Bibi alieleza kwamba kikohozi kilianza mwanawe alipomjengea jiko jipya lililobanana na chumba chake cha kulala, moshi wote ukawa unapitia kwake. Mimi nilikuwa nimekwisha kumwandikia vipimo vitano. Tulivifanya vyote, kwa heshima ya elimu yangu, na vyote vikasema hana kitu. Sista akamwita mwana wa bibi, wakazungumza habari ya jiko. Kikohozi kikaisha.

Nilikaa Mbale miaka mingi, na yote niliyoyajua nilipoondoka niliyapata kwa Sista Kakai, ambaye hakuwahi kualikwa katika warsha hata moja. Ujuzi wake haukuwa na cheti. Hakuwahi kusema "Wagisu wako hivi." Alisema, "Nabude wa juu ya mteremko yuko hivi, dada yake yuko vingine, na mama yao usimguse kabla hajamaliza kulalamika."

Kisha nikahamia Jinja kufundisha, na hapo ndipo nilipopata elimu rasmi ya utamaduni.

Ililetwa na mtaalamu kutoka ng'ambo, mtu mwema, aliyevaa viatu vya kupandia mlima ingawa ukumbi ulikuwa ghorofa ya chini. Alituletea jedwali. Upande wa kushoto, makabila na dini za mashariki ya Uganda. Katikati, imani zao. Kulia, la kufanya. Wasoga: wasalimie kwa muda mrefu. Wagisu: hodari, huvumilia maumivu. Mwanafunzi wangu mmoja akaelewa hapo kwamba Mgisu hahitaji dawa ya maumivu. Nikamwomba, yeye akiwa Mgisu, anipe kidole nimfanyie majaribio, akabadilisha msimamo. Nikamuuliza mtaalamu watu wa kwao wako mstari wa ngapi. Akacheka, akasema kwao hawana sana mambo hayo. Inaonekana ng'ambo watu huumwa tupu, bila mila.

Mstari wa Waislamu ulikuwa mtupu. Mkuu wa idara akanipungia mkono wakati wa chai. "Daktari Saida, wewe si Mwislamu? Tujazie hapo."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kejeli zangu zote zinapopata mahali pa kutua. Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema kwamba Waislamu wa Mbale peke yao ni Wanubi, Wagisu, Wasomali, wachuuzi, walimu, walevi wachache na mashangazi zangu, na kwamba hawatoshi katika kisanduku. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unanitazama, na ni tamu, jamani, kuulizwa kama mjuzi. Nikaweka sambusa kwenye kisahani, nikaandika: *Mwanamke Mwislamu asiguswe na daktari mwanamume. Mume ndiye mwamuzi. Zungumza naye kwanza.* Nilitumia dakika mbili. Wakapiga makofi. Jedwali likachapwa, likafunikwa plastiki, likatundikwa katika vyumba vyote vya mafunzo. Majina ya waandishi hayakuwekwa.

Miongoni mwa wanafunzi wa mwaka ule alikuwamo Daktari Isabirye, kijana wa Kisoga mwenye bidii, wa aina ile inayopigia mstari hata jina la mpiga chapa. Tulimpanga katika zahanati ndogo ya mafunzo nje ya mji. Siku moja muuguzi alikwenda kuchanja watoto vijijini, akabaki Isabirye na karani wa mafaili, naye mwanamume. Nilifika saa sita kasorobo kwa ukaguzi wangu wa kawaida. Isabirye alinipokea mlangoni akitabasamu.

"Daktari, leo nimezingatia utamaduni kikamilifu."

Sentensi hiyo ilinitia baridi kabla sijajua kwa nini.

Kwenye benchi la ndani alikuwa amelala mwanamke wa miaka thelathini na kitu, hijabu imelowa jasho, midomo imepauka kama karatasi. Jina lake Aisha, mchuuzi wa mukene, vile vidagaa vya ziwani, kutoka Budondo. Alikuwa pale tangu saa tatu asubuhi na maumivu ya tumbo.

"Presha?" nikauliza.

"Asubuhi ilikuwa chini kidogo. Nilimpa maji ya chumvi na sukari. Nilitaka kumpima tumbo, lakini sina muuguzi wa kike, na mumewe ni dereva wa lori, yuko mpakani Malaba, simu haipatikani. Nimempigia mara kumi na nne." Alinionyesha simu, ili nihesabu mwenyewe.

Niliweka mkono juu ya tumbo la Aisha. Lilikuwa gumu kama ubao. Mapigo ya moyo yalikuwa yakikimbia hata hayahesabiki. Alifungua macho.

"Musawo," akasema, kwa neno la hapa la kumwita tabibu, "kijana huyu ananiuliza mume wangu kila mara. Mume wangu ndiye anayeumwa tumbo?"

"Hapana, mdogo wangu."

"Basi mwambie. Mwenye tumbo ni mimi."

"Hedhi yako ya mwisho lini?"

"Imechelewa. Nilitaka kumwambia tangu asubuhi. Hakuniuliza. Alisema hayo ni ya kuzungumza na mume."

Ilikuwa mimba iliyotungwa katika mrija, na mrija ulikuwa umepasuka. Kwa wasio madaktari: damu ilikuwa ikimwagika ndani ya tumbo, saa baada ya saa, huku sisi tukimheshimu. Tulimtundikia dripu, tukambeba hadi kwenye gari langu. Mimi niliendesha. Isabirye alikaa nyuma ameinua chupa ya maji kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika wa mwanamke ambaye alikuwa amekatazwa kumgusa. Njia nzima nilimsikia akisema, "Mama, usilale. Mama, nisamehe, usilale." Aisha alikuwa amemzidi miaka mitano hivi.

Alifanyiwa upasuaji, akawekewa damu, akapona. Lakini mrija uliopasuka ulitolewa, na ule mwingine ulionekana umeharibika siku nyingi kwa ugonjwa wa zamani. Alikuwa na mabinti wawili na alitaka wa tatu. Hatampata. Nilimuuliza daktari wa upasuaji kama saa zile tatu zilibadili kitu. Akasema huenda, huenda sivyo. Madaktari wa upasuaji ni wakarimu wa huenda wanapozungumza na wenzao.

Kikao cha uchunguzi kilipangwa siku ya nne. Kila mtu alikwishajua mkosaji ni nani. Kwenye veranda nilisikia wenzangu wakisema Isabirye hana akili ya kawaida, atarudia mwaka, labda aondolewe kabisa. Niliwasikia nikanyamaza. Sista Kakai alinifundisha kunyamaza. Lakini alinifundisha ili nimsikie mtu, na mimi nilikuwa nakutumia kunyamaza kama pazia.

Siku ya tatu nilikwenda wodini kumwona Aisha. Alikuwa ameketi, analalamikia uji wa hospitali, dalili nzuri kuliko zote katika tiba. Pembeni yake alikaa mume wake, Musa, mwanamume mrefu ambaye uso wake ulionyesha hajalala tangu Malaba.

"Nimekuja kukuambia jambo," nikasema. "Kijana yule alisoma maagizo ukutani. Maagizo hayo niliyaandika mimi."

Aisha akanitazama. "Uliandika nini?"

Nikamsomea kwa kichwa. Sikuhitaji karatasi; kwa siku tatu nilikuwa sijasoma kingine. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kucheka, akashika mshono, akaacha kwa maumivu.

"Mwanamke huyo ni nani?" akauliza. "Mimi simjui. Ni mama yako?"

Alikuwa amepatia. Mwanamke huyo alikuwa mama yangu. Mama yangu ambaye hakuwahi kwenda zahanati bila baba kutangulia hatua tatu mbele, ambaye baba alijibu maswali yake yote, na ambaye nilipokuwa msichana nilimwonea haya mbele ya wauguzi. Niliulizwa habari za Waislamu wa mashariki ya Uganda, nikamwandika mwanamke mmoja, tena nikamwandika vibaya.

Musa alisema kwa sauti ndogo, "Lakini kwa nini mlinisubiri mimi? Mimi nyumbani hata kununua mbuzi namuuliza yeye."

"Nisameheni," nikasema.

"Mimi nimekusikia," Aisha akasema. "Kusamehe nitaona. Bado linauma."

Sikumwomba zaidi. Mgonjwa hana wajibu wa kumtibu daktari.

Kikaoni nilisubiri wamalize kumchambua Isabirye, aliyekuwa amekaa na mikono magotini kama mtu msibani. Kisha nikasimama nikasema mstari ule ni wangu, niliuandika wakati wa chai kwa sababu nilipenda kutazamwa, na kwamba kijana alifanya kile hasa tulichomfundisha, jambo ambalo ndilo la kutisha. Mkuu wa idara akakohoa, akasema labda suluhisho ni kuliboresha jedwali, tuongeze safu ya nne: "Isipokuwa."

Nilimsifu kwa ubunifu huo. Nikatoka, nikayang'oa majedwali yote kwa mikono yangu, chumba kwa chumba. Plastiki ile ni ngumu, ilinikata kidole. Isabirye hakuondolewa. Mimi nikaadhibiwa kwa namna ya ofisi zetu: nikafanywa mwenyekiti wa kamati ya utamaduni.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa nimetubu na mwenye kidole kilichofungwa bendeji. Lakini miezi miwili baadaye Isabirye alikuja ofisini kwangu, na tena alikuwa anatabasamu.

"Daktari, jana nimepata mama wa Kiislamu, mzee, kutoka Budondo. Presha yake iko juu sana, karibu na kiharusi. Akaniambia hawezi kusema kitu mpaka mume wake afike. Nikamwambia hapana, mama, mwenye mwili ni wewe, amua mwenyewe!"

"Akaamua nini?"

Tabasamu likapungua. "Akachukua mkoba wake akaenda nyumbani."

"Bila dawa?"

"Bila dawa."

Nikamtazama. Alikuwa mtoto mzuri, aliyejifunza somo kwa moyo wote, na ndiyo shida ya wanafunzi wazuri. "Isabirye, mimi nilitundika jedwali ukutani. Wewe umelitundika kichwani, na lako lina mstari mmoja tu. Wewe ulimuuliza mama yule anataka nini?"

"Nilimwambia..."

"Sikuuliza ulimwambia nini."

Asubuhi iliyofuata tulikwenda Budondo. Tuliulizia kwenye vibanda vya maduka, tukaelekezwa kwenye nyumba ya matofali yenye miti ya kahawa. Mzee mmoja mwenye kofia nyeupe, Hajji Bogere, alitupokea kwa adabu na kwa jicho kali. Mkewe, Bi Rehema, alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua maharagwe. Alimwona Isabirye, akarudisha macho kwenye maharagwe.

Nilikuwa na hotuba tayari. Niliimeza. Huyu alikuwa mgonjwa wake, na kijana alihitaji nafasi ya kuharibu au kutengeneza mwenyewe. Isabirye alivua viatu, akasalimia kwa Kisoga, salamu ndefu, ya wazazi, ya watoto, ya mvua na ya mihogo. Kisha akasema:

"Mama, juzi nilikukosea. Ulisema unamsubiri mzee, mimi sikukusikia. Nimekuja tuzungumze naye akiwepo, kama ulivyotaka. Au vyovyote utakavyosema."

Bi Rehema akaendelea kuchambua maharagwe. Aliyejibu ni Hajji. Alijikohoza, akakaa sawa, akaanza. Alisema mke wake anaumwa kichwa. Ni kichwa, na chanzo chake ni jua, kwa sababu anapenda kupalilia mchana. Tena hali chakula vizuri. Tena alimwambia tangu mwezi wa Ramadhani apunguze chumvi, hakusikia. Aliendelea na habari ya dada yake Bi Rehema aliyekuwa hivyohivyo, na ya dawa ya mizizi aliyoipata Iganga. Isabirye aliandika kichwa, akaandika jua. Kisha kalamu ikasimama. Nikamwona anataka kumkatiza mzee. Mdomo ulikwisha kufunguka. Akamgeukia Bi Rehema, taratibu.

"Mama, na wewe mwenyewe unaonaje?"

Hajji akanyamaza katikati ya neno. Bi Rehema akaokota jiwe dogo kutoka kwenye maharagwe, akalitupa nje ya mkeka, na kwa mara ya kwanza akamtazama kijana usoni.

"Mwache mzee amalize, daktari," akasema. "Akimaliza, nitakuambia ninachoumwa."